Kamera ya kanda, nichukue au niachane nayo?

SWALI: Habari za kazi. Mimi niko Moshi, Majengo, nataka kuanza kushuti harusi na sendofu. Kuna mzee anafunga studio yake, ananiuzia Sony PD170 kwa laki nne, na begi lake, betri mbili na kanda kadhaa ambazo hazijafunguliwa. Washkaji wananiambia imepitwa na wakati nitafute simu kali tu. Wenye nayo wanasemaje?

JIBU: Mdogo wangu, kabla sijasema langu niliwatafuta wenye nayo wa hapa Moshi na Arusha, maana PD170 imetoka 2003 na kuna watu imewasomeshea watoto, hao hawaongei kwa kusikia.

Dada mmoja wa Njiro anaisifia kwenye giza. Anasema ndafu ikiingia ukumbini taa zimezimwa, zimebaki zile za rangi za DJ tu, bado uso wa anayekata unauona na nyama inavyong'aa unaiona, wakati simu nyingi hapo zinamletea chengachenga tupu. Sababu ipo, ndani ina CCD tatu, yaani vipande vinavyonasa mwanga, kila kimoja kinashughulika na rangi yake, na lenzi inameza mwanga kweli kweli.

Kaka wa Ngarenaro yeye ni sauti. Ina matundu mawili ya XLR, yale makubwa ya waya za maiki za kikazi, kwahiyo unavuta waya moja kwa moja kwenye mikisa ya MC na hotuba ya baba mzazi inaingia safi, ila anasisitiza swichi uiweke LINE, ukiiacha MIC sauti inapasuka mwanzo mwisho na hakuna editing itakayoirudisha. Yeye anashauri tundu moja lipewe mikisa na la pili maiki ya ukumbini, ili vigelegele navyo visikike.

Lawama sasa. Wote wanalia na kanda. Kanda ya saa moja ukirekodi kwa DVCAM, mtindo wa kikazi ambao kanda inakimbia haraka kuliko DV ya kawaida, inakupa dakika 40 tu, kwahiyo unaweza kujikuta unabadilisha kanda watu wanavishana pete. Halafu vumbi letu hili la kiangazi, likikaa kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, picha inakatika vipande vipande vya mraba, unapitisha kanda ya kusafishia sekunde chache basi, usiiache izunguke maana inakwangua hedi yenyewe. Na ukishuka na kamera kutoka kwenye baridi ya Marangu ukaingia nayo ukumbi wenye joto, inashika unyevu ndani na inagoma, inabidi uisubiri kama saa nzima ikauke.

Mimi nasema kwa harusi za leo usiichukue. Picha yake ni 720 kwa 576, HD kamili ni 1920 kwa 1080, yaani nukta mara tano, na bibi harusi anataka kujiona kwenye tivii kubwa ya ukutani na YouTube juu, humo mistari ya picha inatoka kama meno ya kitana usipojua kuiondoa. Hata ukiiweka 16:9, ile picha pana ya tivii za sasa, inapoteza ubora, CCD zake ni za 4:3, umbo la tivii za zamani. Mteja hatakuelewa hata kama sauti yako ni nzuri kuliko ya wote mjini.

Lakini kuna kazi nyingine ambayo naiona wazi kabisa na inaniuma watu wakiiacha. Harusi za miaka ile wateja walipewa VHS au DVD, kanda mama zikabaki studio. Muulize huyo mzee zake ziko wapi! Humo kuna mababu wa Machame na Kibosho wanatoa baraka kwa sauti zao wenyewe na wengine wameshazikwa, na kanda zikikaa stoo zinaota ukungu. Kamera hii inacheza kanda ndogo za DV na za DVCAM. Mwombe akuachie mzihamishie kwenye kompyuta pamoja, mzitafute familia zilizomo, mlipwe kwa haki. Saa moja ya kanda inakula kama GB 13, kwahiyo jipange na diski kubwa.

Ukienda kuikagua, ingia kwenye menyu uangalie saa za drum, yaani hedi imeshazunguka saa ngapi, rekodi dakika mbili urudishe uangalie kama kuna miraba, kisha weka kanda iliyorekodiwa na kamera nyingine uone inaisomaje. Tundu la FireWire, lile la kupeleka picha kwenye kompyuta, ulitingishe na waya wake ukiwa umechomekwa maana ni dogo na linalegea, na hilo likifa kazi yote ya kuhamisha imekufa. Zile waya za bei chee za FireWire kwenda USB usinunue, hazifanyi kazi, tafuta kompyuta ya zamani yenye tundu lake. Bei mimi ningeanzia laki mbili na nusu, na mzee akiwa na hiyo kompyuta pale studio ndo ningepanda kidogo.