Mbawakawa mwenye madoa meupe: ni yule wa Asia?

Swali: Ninaishi Worcester, Massachusetts. Nimepiga picha ya mbawakawa mweusi mwenye madoa meupe na vipapasio virefu kuliko mwili, aliyetua ukutani. Je, ni yule wa Asia anayeangamiza miti? Nitamtambuaje kwa picha?

Jibu: Ndugu msomaji, mdudu uliyempiga picha ni Monochamus scutellatus, mwenyeji wa misitu ya Amerika Kaskazini anayezaliana katika misonobari iliyodhoofika, na kwa madoa hayo yaelekea ni jike. Hata hivyo, umefanya vyema kuuliza, kwa kuwa Anoplophora glabripennis wa kutoka Asia aligunduliwa mjini kwenu mwaka 2008, na miti zaidi ya 30,000 ikakatwa katika juhudi za kumtokomeza.

Wengi huanza kwa kuhesabu madoa, nami sishauri hivyo, maana idadi yake hutofautiana hata kwa wadudu wa spishi moja. Miiba ya ubavuni mwa kifua nayo haisaidii, kwani wote wawili wanayo. Kuza picha pale mabawa magumu yanapoanzia, nyuma tu ya kifua, uone kipande kidogo cha pembetatu: kwa mdudu wako ni cheupe pe, ilhali kwa yule wa Asia kwa kawaida ni cheusi. Kisha yatazame mabawa yenyewe. Ya mwenyeji huyu yamekwaruzika na weusi wake una wekundu wa shaba kwa mbali. Ya yule mgeni ni laini, meusi ti, yanang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na vipapasio vyake vina mistari meusi na meupe inayopokezana waziwazi.

Kazi ngumu zaidi ni kumtenga mgeni huyo na nduguye, Anoplophora chinensis, kama inavyowabidi wakaguzi wa Lombardia, Italia, ambako wote wawili wameingia. Chinensis ana vijinundu kwenye robo ya kwanza ya mabawa, na mwanga wa flashi huvifuta kabisa katika picha.

Kwa hiyo, ukikutana na mwingine, mpige picha kivulini, moja kutoka juu kabisa na nyingine kutoka ubavuni, huku umeweka sarafu ya senti 25 kando yake ili ukubwa uonekane. Ikiwa pembetatu ni nyeusi, mtie ndani ya chupa ya kioo, si mfuko wa plastiki ambao ataweza kuutafuna, umweke kwenye friza, na utoe taarifa siku hiyohiyo kwa idara ya kilimo ya jimbo.