Kabla ya Kumfunga Ng'ombe Wako Kihisi

Wafugaji wenzangu wa ng'ombe wa maziwa hapa Arumeru huniuliza kama kola ya kielektroniki ya shingoni inayofuatilia kucheua, au kidonge cha kupimia joto ambacho ng'ombe humezeshwa kikabaki tumboni, kinastahili bei yake. Huwajibu kwamba kinastahili, mradi mfugaji awe amekwisha kumjua ng'ombe wake akiwa mzima, kwa sababu kifaa hicho hakitambui ugonjwa bali mabadiliko.

Ng'ombe mzima huwa na joto la mwili la takribani nyuzi 38.5 za Selsiasi, na hucheua kwa saa saba au nane hivi kwa siku. Ndigana kali, ambayo huenezwa na kupe na huwadhuru zaidi ng'ombe wa kigeni na chotara kuliko wa asili, huweza kupandisha joto hadi kupita nyuzi 40 wakati mnyama bado anakula vizuri, na dawa yake hufanya kazi zaidi ikitolewa mapema. Hapo ndipo kifaa hurudisha gharama yake. Hata hivyo, kidonge cha tumboni huonyesha joto la chini kila mnyama anapokunywa maji baridi, na ng'ombe anayehitaji dume hupunguza kucheua bila kuwa mgonjwa. Kwa hiyo tahadhari ikiingia kwenye simu, mimi hupima kwanza kwa kipimajoto cha kawaida, hupapasa tezi za chini ya sikio na mbele ya bega kuona kama zimevimba, ndipo humpigia daktari wa mifugo.

Wauzaji wa kola hawaizungumzii nyama. Ng'ombe aliyechomwa sindano hubaki na mabaki ya dawa mwilini, ambayo kupika hakuyaondoi kwa uhakika, na lebo ndiyo hutaja muda wa kusubiri. Kwa oksitetrasaiklini (antibiotiki ya jamii ya tetrasaiklini) inayokaa mwilini muda mrefu, baadhi ya lebo hutaka siku 28 kabla ya kuchinja. Ng'ombe mgonjwa asiyepata nafuu ndiye hasa huuzwa haraka kwa mwenye bucha, akiwa bado na dawa.

Kwa mabaki hayo kinachofaa ni bayosensa yenyewe, yaani utepe wenye kingamwili zinazonasa dawa kwenye maziwa au mkojo. Usomeni kwa makini: katika tepe nyingi za aina hii mstari wa kipimo hufifia dawa ikiwapo, kinyume cha kipimo cha mimba, na mstari wa uhakiki usipotokea, utepe huo ni wa kutupwa. Utepe wa penisilini hauwezi kukuhakikishia lolote kuhusu tetrasaiklini, na ukiachwa juani kingamwili huharibika.

Kwa mwenye ng'ombe wawili au watatu zizini, anaowaona asubuhi na jioni, kola naiona ni anasa. Anunue kipimajoto, tepe chache, na daftari la kuandika kila sindano na tarehe ambayo nyama itaruhusiwa.