Fuwele "imara"? Hapana jamani, ni thabiti

Msomaji ananiuliza: "Mwalimu, nimekuta sentensi inasema kompyuta imetabiri fuwele imara za haidraidi za metali. Hiyo tabiri iko sawa kweli, si neno la wapiga ramli?"

Kwanza tuelewane: fuwele ni kitu ambacho atomu zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia, na haidraidi ya metali ni metali iliyoungana na haidrojeni. Tabiri haina shida ndugu yangu, iache. Asili yake Kiarabu, kufasiri ndoto, lakini hali ya hewa tunaitabiri kila siku na hatuna tunguri. Kinachoniudhi ni hiyo "imara", nimeisahihisha mpaka mkono unauma.

Imara ni kitu kigumu, kimeshikamana, hakivunjiki ovyo. Sasa hapa programu inapanga atomu za metali na za haidrojeni kwa mitindo maelfu, inapiga hesabu ya nishati ya kila mpangilio, halafu inaangalia je huu utabaki hivi hivi au utavunjika uwe vitu vingine vyenye nishati ndogo zaidi. Ukibaki, ni THABITI, ndugu yake thibitisha. Ugumu haujaulizwa popote!

Chukua almasi. Inakata kioo, hakuna atakayebisha kwamba ni imara. Halafu chukua grafiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli, ipitishie kidole tu inakuachia weusi. Zote ni kaboni tupu. Sasa kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa iliyo thabiti ni ipi? Grafiti! Ile laini! Almasi nishati yake iko juu kidogo, ila kugeuka kwake ni kwa polepole mno ndo maana pete haziharibiki. Kwa hiyo ukiandika "imara" umempa msomaji jibu la kinyume kabisa, na yeye hana kosa.

Na haidraidi ni hivyo hivyo. Ya magnesiamu ni unga wa kijivu, huwezi kuuita imara, lakini ni thabiti mpaka uupashe moto karibu nyuzi 300 ndo uachie haidrojeni yake vizuri. Ile ya lanthanamu, metali nyingine, yenye atomu 10 za haidrojeni kwa kila atomu moja ya lanthanamu, ilitabiriwa 2017, ikaja kupimwa kweli na 2019 zikatoka ripoti kwamba inapitisha umeme bila ukinzani wowote kwenye nyuzi kama 23 chini ya sifuri, lakini ikiwa imebanwa zaidi ya mara milioni moja na nusu ya mgandamizo wa hewa, ukiulegeza sana ule muundo hausimami.

Kwa hiyo andika "fuwele thabiti", na useme ni thabiti kwa mgandamizo gani.