Wananiita "kocha", nami nimechoka

SWALI: Shangazi, nafundisha elimu ya viungo, pamoja na kuogelea, chuo kikuu. Siku hizi nikishika filimbi moyo unakuwa mzito. Wahadhiri wenzangu huniita "kocha", nami nimeanza kujiona si msomi. Je, naumwa?

JIBU: Pole sana, mwanangu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa uchovu huu hutokana na msongo wa kazi wa muda mrefu, wala si ugonjwa. Mtu huishiwa nguvu, huichukia kazi, na huhisi hana analoliweza. Hilo la mwisho ndilo linalokutafuna. Mwanasaikolojia Albert Bandura alifundisha kuwa kujiamini hujengwa zaidi na mambo uliyoyafanya ukafaulu. Basi mkumbuke mwanafunzi aliyeogopa maji, leo anavuka bwawa. Andika ulichombadilishia: kichwa kilale, pumzi aitolee majini. Huo ni usomi, hata kama umelowa!

Mwombe mkuu wa idara asikupangie vipindi vya uwanjani mfululizo; sauti na magoti navyo huchoka. Huzuni ikikufuata hadi nyumbani na usingizi ukapotea, muone daktari, maana sonona ni jambo jingine na ina tiba yake.