Safari ya Shule Kutembelea Ngome za Ulaya

SWALI: Shule anakosoma binti yangu wa miaka 16 inaandaa safari ya kutembelea ngome na makasri ya Ufaransa na Ujerumani. Baba yake anaona ni kupoteza pesa, ilhali Ngome ya Lamu tunapita mbele yake kila siku. Je, kuna faida gani?
Mama, Langoni, Lamu

JIBU: Dada yangu, faida ipo, na ni kubwa zaidi kwa mtoto wa pwani, mradi kwanza umpeleke Mombasa akaitazame Fort Jesus vizuri. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, wakaipa kuta nene zenye buruji, yaani sehemu za ukuta zilizochomoza pembeni, kwa kuwa wakati huo mizinga ilikwisha kuzishinda kuta ndefu na nyembamba za zamani.

Kuta hizo za zamani atazikuta Carcassonne, kusini mwa Ufaransa, mji uliozungushiwa kuta mbili, moja ndani ya nyingine. Hapo asipite mbio. Asimame nyuma ya tundu la kurushia mishale, ambalo kwa nje ni ufa tu lakini kwa ndani limetanuka ili mpiga upinde aweze kulenga kushoto na kulia, ndipo ataona jinsi kila jiwe lilivyopangwa kwa ajili ya vita. Walimu wawaeleze pia kwamba sehemu kubwa ya kuta na paa ilikarabatiwa katika karne ya 19.

Kasri la Chambord, huko huko Ufaransa, lililoanzwa 1519 na Mfalme François wa Kwanza, lina minara ya fahari tu, pamoja na ngazi mbili zinazojisokota pamoja, hata anayepanda na anayeshuka wanaonana dirishani bila kupishana.

Kasri la Neuschwanstein, huko Ujerumani, lilianza kujengwa 1869 kwa amri ya Mfalme Ludwig wa Pili, na halikukusudiwa kwa vita hata kidogo. Linapendeza, ila mimi nisingetumia siku nzima hapo. Tiketi yake ina saa maalumu ya kuingia, na kupiga picha ndani hairuhusiwi.

Kuhusu karatasi, viza moja ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, inatosha kwa nchi zote mbili. Kwa kuwa binti ni mdogo, itahitajika ridhaa ya maandishi ya wazazi, pamoja na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Basi zungumza na mumeo mapema.