Matairi ya kashata kwenye lami: maswali ya madereva wa Kigoma

Madereva wengi wa mkoa wetu walizoea matairi ya kashata kubwa, yaani yenye vipande vikubwa vya mpira vinavyochomoza usoni mwake, wakati safari nzima ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Sasa sehemu kubwa ya safari hizo ni lami, lakini matairi ni yaleyale, na maswali niliyopokea mwezi huu yanahusu mgongano huo.

Nimefunga matairi mapya ya kashata kubwa kwenye pikapu yangu. Nikitoka Kasulu kuja Kigoma mjini, gari linanguruma hadi hatusikilizani ndani. Je, ni beringi?

Huenda, lakini anza na matairi. Kila kashata inapogonga lami hutoa mlio wake, na hewa iliyobanwa katikati ya kashata hufyatuka tairi linaponyanyuka, kwa hiyo ukiongeza mwendo milio hiyo yote huungana kuwa mngurumo mmoja. Mngurumo wa tairi hubadilika mara uso wa barabara unapobadilika na hufifia ukiingia kwenye udongo laini, ilhali beringi iliyochoka hunguruma popote, na mara nyingi sauti yake hupanda au kushuka unapokata kona.

Mlio ukizidi mwezi hadi mwezi, egesha gari mahali tambarare, pitisha kiganja juu ya kashata kuelekea mbele, kisha ukirudishe nyuma. Ikiwa upande mmoja kiganja kinateleza na upande wa pili kinakwaruzwa kama kimepita kwenye meno ya msumeno, tairi limeanza kulika vibaya. Kashata ndefu hupinda kila unapokanyaga breki, na lami, tofauti na udongo, haisogei kuipisha. Ncha moja ya kashata ndiyo inayolika. Badilisha nafasi za matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000, na pima upepo kabla ya safari, kwa sababu tairi lililopungukiwa upepo hulika haraka zaidi.

Kashata kubwa zinanitoa kwenye tope bila shida. Kwa nini fundi wangu wa hapa Gungu anasema hazifai kwenye lami iliyolowa?

Fundi wako yuko sahihi, na nakuomba umsikilize. Kwenye tope, tairi hufanya kazi ya jembe: kashata huzama, huchimba, na nafasi pana zilizopo katikati hujitapisha udongo ili zichimbe tena. Lami haichimbiki. Hapo kinachokushika ni mpira wenyewe kugusana na barabara, na tairi lenye nafasi pana lina mpira mchache unaogusa chini. Aidha, matairi ya barabarani huwa na mikato mingi myembamba juu ya uso wake, ambayo hukata utando wa maji na kuuacha mpira ushike, na matairi mengi ya tope hayana mikato hiyo ya kutosha. Ni kweli kwamba maji yakituama kwa kina, mifereji mipana huyatoa vizuri. Lakini hatari iliyo ya kawaida zaidi ni ule unyevu mwembamba wa mvua ya kwanza, uliochanganyika na vumbi na mafuta yaliyodondoka kiangazi kizima.

Nimeliona hilo kwenye mteremko wa kuelekea stesheni ya reli hapa mjini. Gari lililokuwa mbele yangu lilikuwa na matairi ya tope mapya kabisa, na mwendo wake haukuwa mkubwa. Bodaboda alipolikatisha, dereva alikanyaga breki, magurudumu yakafunga, na gari likaendelea kuteleza kimyakimya likiwa limenyooka, hadi likasimama hatua chache tu kutoka kwa abiria wa bodaboda ile. Dereva alishuka akiwa anatetemeka. Siwezi kusahau kwamba matairi yale yalikuwa bado yanang'aa. Mwenye matairi kama hayo aongeze nafasi kati yake na gari la mbele maradufu mvua inapoanza, na apunguze mwendo kabla ya mteremko, si akiwa katikati yake.

Tangu niweke matairi makubwa, gari linakula mafuta mno. Je, nimeibiwa kituoni?

Kabla ya kulaumu kituo, piga hesabu. Tuseme umetoa tairi la 265/70R16, lenye kipenyo cha takriban milimita 777, ukaweka la 285/75R16, lenye milimita 834, yaani tofauti ya asilimia 7 hivi. Kilomita 100 zinazosomeka kwenye dashibodi ni takriban 107 za kweli, kwa hiyo sehemu ya ulaji unaouona ni kosa la kipimo. Sehemu nyingine ni ya kweli, kwa kuwa matairi hayo ni mazito na hukokota. Kumbuka pia kwamba mshale ukisoma 80, wewe uko kwenye 86.

Naenda Kalya kwa njia ya Ilagala mara mbili kwa mwezi, na kwenye mchanga napunguza upepo. Ni lazima niujaze tena nikirudi kwenye lami?

Ni lazima, na palepale lami inapoanzia. Tairi lenye upepo mdogo hukunjika ubavuni kila linapozunguka, joto hupanda, na kwa mwendo wa lami linaweza kupasuka. Nunua pampu ya kuchomeka kwenye gari, na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kwa safari zako mbili za mwezi, ningechagua matairi ya kashata za wastani, yanayotengenezwa kwa ajili ya lami na udongo kwa pamoja. Yale ya tope kabisa ningemwachia anayekesha porini.

Naweza kufunga ya kashata nyuma na ya kawaida mbele?

Hapana. Ekseli mbili zitashika lami kwa nguvu tofauti, na kwenye kona yenye maji nyuma itateleza huku mbele ikiwa bado imeshika, gari lizunguke. Funga manne yanayofanana. Kama unanunua ya mtumba, tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililotimiza miaka 10 usilichukue hata kama kashata zake zimesimama wima, kwa kuwa mpira huzeeka hata ukikaa stoo.