Kuvu huitana vipi? Majibu kwa wasomaji

Barua za safari hii karibu zote zimehusu kuvu: hamira, uyoga, ukungu wa mkate, fangasi wa mwilini. Nimechagua chache.

Nauza maandazi Tanga. Binti yangu anasema hamira ni viumbe hai na huwa vinaitana. Ananitania?

Hakutanii, mama. Seli za hamira zina jinsia mbili, a na alfa. Alfa hutoa kijiprotini cha asidi amino 13. Seli ya a ikikihisi, huacha kujigawa, kisha hurefuka na kuchongoka kuelekea kule kilikokolea zaidi. Nayo hutoa cha kwake, na mwisho mbili huungana. Ila kwenye beseni lako la unga usitarajie uchumba: hamira ya dukani kwa kawaida imeshabeba seti mbili au zaidi za kromosomu, na seli za namna hiyo haziitikii mwito. Humo kazi ni kula sukari na kutoa gesi basi.

Kama seli mbili zinatoa kemikali ileile, kila moja inajuaje kwamba haijisikii yenyewe? (Kidato cha tano, Morogoro)

Hapo umenigusa. Jibu lilianza kuonekana mwaka 2009 kwa Neurospora crassa, ukungu wa rangi ya chungwa uliowahi kuwasumbua waoka mikate wa Ufaransa katika karne ya 19. Spora zake mbili zikiota jirani, kila moja huchomoza kijimrija kuelekea nyingine. Watafiti walizitia protini mbili, MAK-2 na SO, alama za kung'aa, kisha wakachungulia kwenye hadubini. MAK-2 ikijikusanya kwenye ncha ya seli moja, ncha ya nyingine ina SO. Baada ya dakika chache zinabadilishana, halafu tena, hadi ncha zikutane na ziungane. Wanavyolieleza ni kwamba seli moja inaposema, nyingine inasikiliza, kwa zamu.

Nimeona video ikidai uyoga una maneno 50. (Zanzibar)

Chanzo ni utafiti wa 2022 wa Andrew Adamatzky wa Uingereza, aliyepima mipigo ya umeme kwenye aina nne za kuvu na kuipanga makundi kama maneno. Mipigo ipo. Lakini kupanga makundi si kuonyesha kwamba kuna kuvu inayoyaelewa. Mimi sijashawishika.

Kiduha kinajuaje kwamba nimepanda mahindi? Nisipopanda, hakionekani. (Mkulima, Shinyanga)

Swali hili la kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao, ulilipeleka kwa mwenzangu wa magugu, nimelivuta huku kwa sababu kiini chake ni kuvu. Mizizi ya mahindi yenye njaa ya fosforasi hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni. Ya kwanza ilitambuliwa mwaka 1966 kutoka mizizi ya pamba, na kwa karibu miaka 40 ilijulikana hasa kama kitu kinachoamsha mbegu za kiduha. Ilikuwa kitendawili: mmea gani unamwita mwizi wake? Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba anayeitwa ni kuvu ya mizizini, mikoriza. Ikiupata mwito, nyuzi zake huanza kutoa matawi kwa wingi, ili mojawapo liupate mzizi. Nayo hujibu kwa molekuli zake, za ukoo mmoja na zile ambazo bakteria wa maharage hutumia kubisha hodi. Wakishakubaliana, kuvu huleta fosforasi kutoka mbali, na mahindi hulipa sukari na mafuta.

Kiduha ni mdukuzi wa mazungumzo hayo. Mbegu yake, ndogo kama vumbi, inaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10. Mwito ukiifikia inaamka, inajibandika kwenye mzizi na kuanza kunyonya.

Ndiyo maana shamba lililochoka linaumia zaidi: mazao yenye njaa huita kwa nguvu. Samadi na mbolea ya fosforasi hupunguza mwito. Pamba huamsha kiduha bila kukilisha, kikafa. Na desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaopandwa kati ya mistari katika ile mbinu ya sukuma-vuta ya ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, Kenya, hutoa mizizini vitu vinavyoziamsha mbegu na vingine vinavyozuia kimzizi chake kukua. Kilichokwisha kuota, king'oe kabla hakijatoa maua.

Fangasi wananirudia kila mara. Nimesoma kuna kemikali inayowatuliza. Inauzwa wapi? (Dada, Mombasa)

Umesoma kuhusu farnesoli, dada, iliyogunduliwa mwaka 2001. Candida albicans, fangasi wa kawaida wa mwilini, wakisongamana huitoa wenyewe, nayo huwazuia kugeuka nyuzi ndefu. Hata bakteria Pseudomonas ana molekuli inayofanya kazi hiyohiyo, na Candida ana sababu ya kuitii: bakteria huyo huua nyuzi, ila seli za duara huziacha.

Lakini usiitafute dukani. Panya walioambukizwa Candida kwenye damu, walipopewa farnesoli, walikufa kwa wingi zaidi. Nenda kliniki, uchukuliwe kipimo ili ijulikane ni aina gani ya fangasi, na uombe wakupime sukari ya damu pia.